Mafunzo ya Upimaji Yaanze na Mtihani wa Mhadhiri Mwenyewe

Mhadhiri anapokea barua pepe kutoka ofisi ya taaluma: kabla ya mwisho wa mwezi awe amemaliza kozi ya mtandaoni kuhusu upimaji na uadilifu wa kitaaluma. Anaingia kwenye mfumo, anakuta moduli nne. Kila moduli ina video, slaidi kadhaa, nakala ya sera ya chuo na maswali kumi ya kuchagua jibu. Akikosa swali anarudia, na akikosa tena mfumo wenyewe unamwonyesha jibu. Mwishoni anapakua cheti chenye jina lake. Jioni hiyohiyo anakaa kutunga mtihani wa muhula, na anautunga vilevile alivyoutunga mwaka jana.

Sina ugomvi na mhadhiri huyo. Ana madarasa makubwa, ana wanafunzi wa tasnifu wanaomsubiri, ana makala ya utafiti ambayo bila hiyo hapandi cheo. Ugomvi wangu ni na kozi. Kozi inayofundisha kwamba kipimo halali ni kile kinachopima kilichokusudiwa kupimwa, halafu yenyewe inapima uvumilivu wa mtu kubonyeza vitufe, imekana somo lake mbele ya wanafunzi wake. Tena wanafunzi hawa ni walimu. Wanachojifunza kwa vitendo ni kwamba cheti hupatikana bila mtu kujua jambo jipya, na hiyo ndiyo imani ambayo kila kikao cha kamati ya mitihani hulalamika kwamba vijana wameikumbatia.

Naamini kabisa kwamba mafunzo ya mtandaoni yanaweza kubadilisha upimaji vyuoni, na kwa haraka kuliko warsha za ukumbini. Lakini yana sharti moja ambalo waandaaji wengi hulikwepa kwa sababu ni gumu kusimamia: yaanze na kazi ya mhadhiri mwenyewe, yaani swali lake, mwongozo wake wa usahihishaji na alama alizotoa, na yasiishe mpaka kazi hiyo ibadilike.

Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika majibu ya maswali, ilipotolewa kwa umma mwishoni mwa Novemba 2022, vyuo vimekimbilia kuandaa mafunzo ya aina hii. Hofu ilikuwa ya kweli na haraka ilieleweka. Ila haraka hiyo ilileta kozi za aina mbili tu. Moja inasoma sera: nini kinaruhusiwa, nini hakiruhusiwi, adhabu ni ipi. Nyingine inafundisha kunasa: programu gani inatambua maandishi ya akili mnemba, asilimia ngapi ndiyo ya kutilia shaka, ripoti inasomwaje. Hii ya pili ndiyo inayopendwa, kwa kuwa inampa mhadhiri kitu cha kushika mkononi. Ndiyo pia iliyonitia wasiwasi kuliko zote.

Tuangalie kilichotokea. OpenAI, kampuni iliyounda ChatGPT, ilitoa chombo chake cha kutambua maandishi ya mashine Januari 2023. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, chombo hicho kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya akili mnemba, na kiliyasingizia maandishi ya binadamu kwa asilimia 9. Julai mwaka huohuo kiliondolewa kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Aprili 2023 Turnitin, wenye mfumo wa kukagua kama kazi za wanafunzi zimenakiliwa, nao waliongeza kipengele chao cha kutambua, wakisema makosa yake ya kumsingizia mtu hayafiki asilimia 1. Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Marekani kilipiga hesabu rahisi: mwaka 2022 kilikuwa kimepitisha kazi 75,000 kwenye mfumo huo, na asilimia 1 ya kazi hizo ni kazi zipatazo 750 ambazo zingeweza kutuhumiwa bila kosa. Agosti 2023 kikakizima kipengele hicho.

Halafu kuna jambo linalotuhusu moja kwa moja sisi tuliosoma na tunaofundisha kwa lugha ambayo si ya nyumbani. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipitisha insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza cha wageni, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, kwenye vyombo saba vya kutambua. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihesabiwa kuwa zimeandikwa na mashine, ilhali insha za wanafunzi wa shule wa Marekani zilipita karibu zote salama. Sababu inaeleweka. Vyombo hivi hupima jinsi maneno yanavyotabirika, na mtu anayeandika kwa lugha aliyojifunza darasani hutumia msamiati mwepesi na miundo aliyoizoea, hivyo maandishi yake hutabirika. Mwanafunzi mwaminifu anayejikongoja na lugha ya pili ndiye anayekuwa wa kwanza kuitwa mbele ya kamati.

Kozi ya maana ingemfundisha mhadhiri hesabu iliyo nyuma ya ripoti. Tuseme kuna wanafunzi 1,000, na 100 kati yao wamewasilisha kazi iliyoandikwa yote na mashine. Tuseme chombo kinanasa 60 katika hao 100, na kinawasingizia asilimia 2 tu ya wale 900 waaminifu, yaani 18. Orodha inayomfikia mhadhiri ina majina 78. Karibu mmoja kati ya kila wanne hana hatia, na 40 wenye hatia hawamo kabisa. Nimewahi kuona nyuso za wahadhiri wakati hesabu hii inaandikwa polepole kwenye skrini. Haihitaji mtaalamu wa takwimu. Inahitaji dakika kumi na mtu anayejali, na baada ya hapo hakuna anayerudi kuichukulia asilimia ya ripoti kama hukumu.

Na wasahihishaji wenyewe, bila chombo? Utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, na kuchapishwa Juni 2024, uliingiza majibu yaliyoandikwa na akili mnemba kwenye mitihani halisi ya shahada ya kwanza ya saikolojia iliyofanyiwa nyumbani, bila wasahihishaji kuambiwa. Asilimia 94 ya majibu hayo hayakugunduliwa, na kwa wastani yalipata alama za juu kuliko za wanafunzi. Yeyote anayesema "mimi namjua mwanafunzi wangu kwa mwandiko wake" inafaa alitafakari hilo kwa utulivu.

Basi kama kunasa hakutegemeki, tunabaki na nini? Tunabaki na swali lenyewe, na mazingira linapofanyiwa. Ndipo hasa mafunzo yanapopaswa kuanzia.

Chukua swali la somo la uchumi la mwaka wa kwanza: "Eleza maana ya mfumuko wa bei na ujadili sababu zake tano. (Alama 20)." Swali hili limeulizwa vizazi kwa vizazi. Halina ubaya wa kisarufi, na mwongozo wake wa kusahihisha ni mwepesi: maana alama tano, kila sababu alama tatu. Hatua ya kwanza ya mafunzo ninayoyapigania ni kumwambia mhadhiri aliweke swali hilo kwenye programu ya akili mnemba, achukue jibu kama lilivyotoka, kisha alisahihishe kwa mwongozo wake mwenyewe bila huruma wala chuki. Atatoa 17 au 18. Hakuna mhadhara wa sera unaofikia nguvu ya dakika hizo. Hapo hajaambiwa na mtu kwamba swali lake halipimi tena kitu. Amejithibitishia kwa kalamu yake nyekundu.

Hatua ya pili ni ngumu zaidi, na hapo ndipo anapohitaji wenzake. Swali analopaswa kujiuliza ni: nilitaka mwanafunzi huyu aweze kufanya nini? Mtaalamu wa elimu John Biggs alilieleza hili mwaka 1996 alipozungumzia ulinganifu kati ya malengo ya somo, shughuli za kujifunza na upimaji. Ukisoma muhtasari wa somo letu la uchumi utakuta limeahidi kwamba mwanafunzi "ataweza kuchambua mabadiliko ya bei". Kuchambua. Swali linamtaka ataje. Pengo hilo lilikuwepo kabla ya akili mnemba kuzaliwa, ila halikumuumiza mtu, kwa kuwa aliyeweza kutaja sababu tano alau tulijua amesoma. Sasa kutaja hakuthibitishi hata hilo.

Kwa hiyo mhadhiri analiandika upya. Mwanafunzi akusanye mwenyewe bei za bidhaa kumi zinazotumiwa katika kaya yake kwa wiki nne, akokotoe mabadiliko, alinganishe na takwimu rasmi za kipindi hicho, kisha aeleze kwa nini hesabu yake imetofautiana na ya serikali. Aambatishe jedwali lake la kila wiki, pamoja na masahihisho aliyoyafanya njiani. Halafu darasani, kwa dakika ishirini na bila simu, ajibu maswali mawili kuhusu jedwali lake mwenyewe: kwa nini ulichagua bidhaa hizi, na ungebadilisha uzito wa bidhaa ipi katika hesabu yako kama kaya ingekuwa ya watu wanane? Aliyeifanya kazi anajibu bila shida. Aliyenunua jedwali, au aliyelitungisha mashine, atalisoma kama vile ni mara ya kwanza kuliona, na kwa kweli huenda ni mara ya kwanza.

Hapa ninatahadharisha, maana kozi nyingi hulewa na maneno "upimaji unaoakisi maisha halisi" na kuyafanya dawa ya kila kitu. Mwaka 2020 mtafiti Cath Ellis na wenzake walichapisha uchunguzi wa kazi zilizoagizwa kwenye tovuti zinazoandikia wanafunzi kwa malipo. Walikuta kazi za aina hiyo zimejaa tele kwenye maagizo. Mpango wa biashara, ripoti ya tukio, tafakuri binafsi: vyote vinanunulika. Miaka kadhaa kabla yake, utafiti wa Australia ulioongozwa na marehemu Tracey Bretag uliwauliza wanafunzi ni kazi zipi wasingeweza kirahisi kumpa mtu awafanyie. Waliyotaja yalikuwa machache: kazi ifanywayo darasani, kazi iliyoundwa kwa ajili ya mwanafunzi mmoja mmoja, mtihani wa mdomo, na tafakuri ya mafunzo kwa vitendo. Hakuna hata moja kati ya hizo isiyoweza kuchakachuliwa. Tofauti ni kwamba katika hizo mwanafunzi anakutana na mtu, na kukutana huko ndiko kunakoifanya kazi ya udanganyifu iwe nzito.

Mtihani wa mdomo hutajwa kwa wepesi sana na watu wasiosahihisha. Darasa la wanafunzi 400, kila mmoja dakika kumi, ni dakika 4,000: zaidi ya saa 66 bila kupumua wala kuandika alama. Mhadhiri mmoja hawezi, na kozi inayomshauri hivyo bila kupiga hesabu hiyo pamoja naye inamdharau. Njia yenye kutekelezeka ni kuacha kulifikiria kila somo peke yake. Idara nzima ikae, iitazame shahada kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, iulize ni sehemu zipi chache ambapo ni lazima tuwe na uhakika kwamba mwanafunzi huyu, yeye mwenyewe, anaweza. Hapo ndipo usimamizi mkali, mdomo na ana kwa ana viwekwe. Kwingine kote mwanafunzi aruhusiwe kutumia akili mnemba waziwazi na afundishwe kuitumia vizuri. Chuo Kikuu cha Sydney kimejenga utaratibu wake juu ya mgawanyo wa namna hii, wa njia mbili: upimaji unaolindwa na upimaji ulio wazi. Uzuri wake ni kwamba unamwondolea mhadhiri mzigo wa kuwa polisi katika kila insha ya alama kumi.

Mafunzo mengi humjadili mwanafunzi kana kwamba udanganyifu ni ugonjwa wa tabia unaomjia kutoka nyumbani. Utafiti huohuo wa Bretag, uliohusisha wanafunzi zaidi ya 14,000 katika vyuo vikuu vinane, ulikuta karibu asilimia 6 walikuwa wamewahi kumhusisha mtu mwingine katika kazi zao kwa namna ya udanganyifu. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana na tabia hiyo yalikuwa kutoridhika na mazingira ya kufundishwa na kujifunza, na kuona kwamba nafasi za kudanganya zipo tele. Kabla ya hapo Donald McCabe, aliyelichunguza suala hili Marekani tangu miaka ya 1990, alionyesha jinsi mwanafunzi anavyoathiriwa sana na anachoamini kuhusu wenzake: akiona kila mtu anadanganya na hakuna kinachotokea, uaminifu humwonekea ujinga. Mambo haya yamo mikononi mwetu kwa kiasi kikubwa. Swali lililorudiwa miaka sita mfululizo ni nafasi tuliyoitoa sisi. Kazi iliyorudishwa wiki mbili baada ya mtihani wa mwisho, bila neno hata moja la mrejesho pembeni, inamwambia mwanafunzi kwamba hakuna aliyeisoma. Atakuwa na sababu gani ya kuiandika inayofuata kwa jasho lake?

Uadilifu wa kitaaluma ni wa pande mbili. Kituo cha Kimataifa cha Uadilifu wa Kitaaluma, kilichoanzishwa mwaka 1992, kinautaja kwa tunu sita: ukweli, uaminiano, haki, heshima, uwajibikaji na ujasiri. Zisome tena ukimfikiria msahihishaji badala ya mwanafunzi. Haki: je, mwanafunzi wa kwanza kwenye rundo la vitabu na wa mwisho, aliyesahihishwa saa sita usiku, wamepimwa kwa kipimo kimoja? Ujasiri: nani anamwambia mkuu wa idara kwamba alama alizoomba "ziangaliwe upya" haziwezi kubadilika? Sijaona kozi nyingi zinazogusa hapa. Ni rahisi kumwonyesha mhadhiri slaidi ya adhabu za wanafunzi kuliko kumkalisha mbele ya alama zake mwenyewe.

Kumkalisha mbele ya alama zake ndiko mtandao unakokuweza kuliko ukumbi. Mwaka 1912 Wamarekani wawili, Daniel Starch na Edward Elliott, walituma nakala za karatasi ileile ya mtihani wa Kiingereza kwa walimu wengi wa shule za sekondari waisahihishe kila mmoja kwake. Alama zilitofautiana kwa zaidi ya 30 kati ya 100. Watu wakasema ni kwa sababu ya insha. Mwaka uliofuata wakajaribu karatasi ya jiometri, na alama zikaachana zaidi. Zaidi ya karne imepita, na bado wengi wetu hatujawahi kuona mwenzetu anampa ngapi mwanafunzi tuliyempa 62.

Jaribu hili kwenye kikao cha mtandaoni cha wahadhiri saba wa fani moja kutoka vyuo tofauti. Kazi ni moja, jina la mwanafunzi limefutwa, kila mtu amesahihisha kabla ya kikao na kuficha alama yake. Msimamizi anahesabu hadi tatu, wote wanaandika kwa pamoja. Zinajipanga: 48, 55, 57, 60, 63, 66, 71. Mwenye 48 na mwenye 71 wote ni watu makini, wote wametumia mwongozo uleule. Kisha mmoja anaanza kueleza: mimi nilimpunguzia kwa sababu hoja ya tatu haina ushahidi. Mwingine: mimi niliona kwamba hoja hiyo ndiyo pekee aliyoifikiri mwenyewe, nikamlipa. Katika nusu saa wanagundua kwamba mwongozo wao ulisema "uchambuzi mzuri, alama 8 hadi 10" na kwamba kila mmoja alikuwa na uchambuzi wake mzuri kichwani. Wanaandika upya sentensi hiyo moja. Sentensi hiyo itawalinda mamia ya wanafunzi, na haikutoka kwenye video ya mtaalamu yeyote.

Ukumbini zoezi hili ni gumu. Mwenye cheo kikubwa hutangulia kusema alama yake, na wadogo wake huzisogeza zao kimyakimya. Mtandaoni alama zinaingia kwa wakati mmoja. Zaidi ya hayo, mhadhiri aliye peke yake katika fani yake chuoni, asiye na mtu wa kumuuliza kama swali lake la hidrolojia ni gumu mno, anapata wenzake sita wanaofundisha hidrolojia kwingine. Hilo ndilo jambo ambalo warsha ya chuo kimoja, hata iwe na chakula kizuri kiasi gani, haiwezi kumpa.

Kuhusu muundo nitasema kwa ufupi. Kozi kubwa za wazi za mtandaoni huachwa njiani na walio wengi: uchambuzi wa takwimu za kozi za vyuo vya Marekani vya MIT na Harvard, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta waliomaliza mwaka 2017 hadi 2018 walikuwa kama asilimia 3 ya waliojiandikisha. Nao Bruce Joyce na Beverly Showers, waliochunguza mafunzo ya walimu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, walisisitiza kwamba nadharia na maonyesho peke yake ni nadra kufika darasani. Mwalimu huhitaji kujaribu, na kuwa na mtu wa kumsindikiza anapojaribu. Kwa hiyo mafunzo yafuate kalenda ya muhula, yasibanwe kwenye wiki moja. Kikao kabla ya kutunga, kingine rasimu za maswali zikiwa mezani, cha tatu wakati wa kusahihisha, cha mwisho matokeo yakiwa yametoka. Kati ya vikao, kundi dogo lenye watu wasiozidi wanane, linalobadilishana rasimu kwa maandishi, ili mwenye mtandao hafifu asibaki nje. Maswali yanayojadiliwa yawe ya miaka iliyopita au ya kazi za muhula. Mtihani wa mwisho ambao haujafanywa usipite kwenye kundi lolote la mtandaoni.

Cheti je? Kitolewe, watu wanakihitaji, lakini kitolewe kwa ushahidi. Swali la zamani na jipya, yote mawili, na maelezo ya nini kimebadilishwa na kwa nini. Mwongozo wa kusahihisha kabla na baada ya kujadiliwa na wenzake. Sampuli ya kazi tatu zilizosahihishwa zikiwa na mrejesho, majina yakiwa yamefutwa. Kisha dakika kumi na tano za mazungumzo na mwenzake wa chuo kingine, anayemuuliza maswali kuhusu hayo yote. Kama ametumia akili mnemba kutunga rasimu aseme ameitumia wapi, kwa kanuni ileile anayowataka wanafunzi wake waifuate. Najua mahitaji haya yatapunguza idadi ya vyeti. Ofisi inayoripoti kwamba wahadhiri 600 wamefunzwa itaripoti 90. Wafadhili na viongozi wa vyuo wanapaswa kuipokea ripoti ya 90 na kuuliza swali moja tu: nionyesheni mitihani.

Hata hivyo, hakuna mafunzo yatakayoshinda kanuni za chuo zinazoyapinga. Mhadhiri aliyerudi na kazi nzuri ya wiki nne anaweza kukuta kanuni za mitihani zinamlazimisha asilimia 60 ya alama zitoke kwenye mtihani wa saa tatu, maswali matano, chagua matatu. Anaomba mabadiliko, anaambiwa yapite kamati ya idara, kamati ya kitivo, kisha seneti, na kikao kijacho cha seneti ni baada ya muhula kuisha. Anapoomba kupanda cheo, makala zake za utafiti zinahesabiwa moja moja; ule usiku aliokesha kuliunda upya somo zima hauna hata kisanduku kwenye fomu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba wakuu wa idara na wajumbe wa kamati za mitihani wawe ndani ya mafunzo yaleyale, wakiwa na maswali yao wenyewe mezani kama wengine. Wasiishie kufungua semina kwa hotuba. Aliyeona swali lake mwenyewe likipata 18 kwa jibu la mashine hatahitaji kubembelezwa kurekebisha kanuni.

Na kuna kundi ambalo halialikwi kabisa: wahadhiri wa muda, wanaolipwa kwa saa za kufundisha. Katika vyuo vingi hao ndio wanaobeba madarasa makubwa ya mwaka wa kwanza, ambako mazoea ya mwanafunzi kuhusu uaminifu hujengeka au kubomoka. Wanasahihisha mamia ya vitabu kwa malipo ambayo hayahesabu saa za kusahihisha, na barua pepe ya mafunzo haiwafiki kwa sababu majina yao hayamo kwenye orodha ya watumishi wa kudumu. Mwingine hupewa muhtasari wa somo wiki ya kwanza ya muhula na karatasi ya mtihani ya mwaka jana kama mfano, basi. Tukitaka mitihani ibadilike, majina yao yaingizwe kwenye mfumo kabla ya muhula kuanza, na saa za mafunzo na za kusahihisha zilipwe kwa kiwango kilekile cha saa za darasani.